Limelala Limeangalia Wapi?

Jumamosi, baba mkwe mtarajiwa wa mpwa wangu alisukuma gari langu huku akinitazama usoni. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo Alhamisi. Gari likisukumwa kwa nyuma, anayesukuma anaona bodi na dereva anaona barabara, kila mtu na aibu yake. Langu lilikuwa limeegeshwa pua juu uani kwake, Tukuyu, na njia pekee ya kuliwasha ilikuwa kuliachia lirudi kinyumenyume kwenye mteremko, gia ya rivasi ikiwa tayari. Kwa hiyo walishika boneti. Walikuwa watano, yeye katikati, suti ya kijivu na tai, viganja viwili juu ya bati lenye kutu, na kati yake na mimi kioo tu. Nilijaribu kutazama pembeni. Waipa, ambayo ina tabia ya kusimama inapotaka, ilikuwa imeganda wima katikati ya kioo, ikamgawa uso vipande viwili, na kila kipande kilikuwa na jicho.

Nusu saa kabla ya hapo nilikuwa mshenga. Nilikuwa nimekalia kochi la heshima, nimeshiba ndizi, ninashusha mahari kutoka ng'ombe wanane hadi watano kwa sauti ya mtu asiye na shida. Nilisema mpwa wangu anatoka kwenye watu wasiobahatisha. Nilisema, Mungu anisamehe, kwamba ukoo wetu ukianza jambo haukwami njiani. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika, tukashikana mikono, tukasindikizwa nje kwenye manyunyu.

Nikapiga stata. Gari likawaka papo hapo, kama limetoka bandarini jana. Akina mama wakapiga vigelegele. Sekunde tatu, nne. Kisha likakohoa, likatetemeka mpaka vioo vya pembeni vikawa havionyeshi kitu, likazima. Vigelegele navyo vikakatika, isipokuwa cha bibi mmoja asiyesikia vizuri, ambacho kiliendelea peke yake kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Nikatabasamu, nikasema linajipasha. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka stata ikabadilika sauti, ikawa kama mtu anayekokota kabati. Kijana mmoja akasogea dirishani: "Mshenga, tusukume?" Nikasema hapana, asante. Nikapiga tena mara moja, nikasema ndiyo.

Wakasukuma. Likashika mwendo, nikaachia klachi. Tairi za nyuma zikateleza kwenye majani mabichi, zikashika, injini ikapiga pigo moja, mawili, moshi mweupe ukawafunika akina mama waliokuwa wamejipanga upande wa geti, na tairi zikaanza kuzunguka kwa hasira. Sasa, gari likirudi nyuma, tairi hurusha tope mbele. Jambo hilo mtoto wa shule angeweza kulikokotoa, mimi sikulikokotoa. Tope la Tukuyu ni jeusi, la udongo wa volkano, zuri sana kwa ndizi na chai. Liliwapata wote watano kuanzia magotini kwenda juu. Na kwa kuwa gari liliruka ghafla, boneti ilimponyoka mzee mikononi, naye akapiga magoti. Baba wa binti, mbele ya mshenga, kwenye tope. Mila inataka kinyume chake.

Sikushuka kuomba radhi, maana ningeondoa mguu kwenye mafuta lingezima. Niliomba radhi kwa mkono, kupitia dirishani, kama mgombea ubunge.

Wiki hii sijalala vizuri, na usingizi ulipokosekana nimejifunza injini ya dizeli, na lazima niwaeleze, kwa sababu ni kitu cha ajabu kuliko aibu yangu. Injini ya petroli ni kama jiko la gesi: lina kiberiti chake, yaani plagi inayotoa cheche. Dizeli haina kiberiti. Inachofanya ni kubana hewa. Shika pampu ya baiskeli, jaza tairi kwa nguvu, halafu gusa mdomo wake chini: unachoma. Sasa chukua hewa ya chupa kubwa ya soda uifinye iingie kwenye kikombe cha kahawa, kwa kupepesa jicho. Injini ya pikapu kama yangu huibana hewa karibu mara 22, na hewa hiyo hupanda joto kupita nyuzi 500. Ndipo dizeli inanyunyizwa, tone dogo kuliko chozi, nalo linawaka lenyewe kwa kukutana na hewa hiyo. Hakuna cheche wala waya wa moto mkali. Mjerumani Rudolf Diesel alihangaika miaka mingi mpaka mwaka 1897 injini yake ikakubali kule Augsburg. Mwaka 1913 alipanda meli kwenda Uingereza, akaagana na wenzake usiku aende kulala, na asubuhi hakuwemo melini. Watu bado wanabishana kilichompata. Mimi tangu Jumamosi sina ubishi.

Uzuri wenyewe uko kwenye kunyunyiza. Nozeli, yaani kinyunyizi chenyewe, haifunguki mpaka dizeli isukumwe kwa nguvu inayozidi mara 100 ya shinikizo la hewa hii tunayoivuta. Pampu inaweza kufanya hivyo kwa sababu mafuta hayabaniki: ukisukuma huku, yanasukuma kule, kama fimbo. Lakini ikiingia hewa, hata povu moja, fimbo inakuwa sponji. Pampu inasukuma, povu linajikunja, nozeli inabaki imefumba mdomo, na silinda ya nozeli hiyo inakosa mlo wake. Hapo gari linamisi. Injini ikiunguruma taratibu, kila silinda inapaswa kula kama mara sita kwa sekunde. Ikikosa moja, unasikia kuanzia kwenye usukani mpaka kwenye meno.

Na hapa ndipo niliposimama na kikombe cha chai mkononi kwa muda mrefu. Kwenye gari kama langu mafuta hayasukumwi kutoka tangi hadi mbele. Yananyonywa. Bomba linalonyonya likipasuka, halivuji. Utalala chini ya gari na tochi, utafuta kila kiungo, hutaona tone, kwa sababu tundu halitoi kitu nje, linaingiza hewa ndani. Ni mrija wa soda wenye kitobo: unavuta, unapata upepo, na ukiacha kuvuta, soda inarudi chupani. Gari likisimama saa kadhaa, dizeli yote iliyopanda inarudi polepole kwenye tangi, na ndani ya pampu yanabaki mafuta ya sekunde tatu, nne. Ya kutosha kupigiwa vigelegele.

Haya yote hakuniambia fundi. Nimepita kwa mafundi wanne, Mbeya mjini, na kila mmoja alikuwa na jibu kabla sijafungua boneti. Wa kwanza alisema betri, nikanunua betri. Wa pili alisema, bosi, hapa kwetu baridi, mwezi wa sita huu, hizo hita zimekufa. Hita ni vijiti vinavyopasha chumba cha moto asubuhi kabla injini haijapata joto lake, ziko nne. Akazitoa zote nne, akaweka mpya nne, na zile kuukuu akaniomba aziuze chuma chakavu. Sijui ni roho gani iliyonikataza. Nilizipeleka nyumbani, Jumapili hii nikazigusisha kwenye betri moja moja, ile betri mpya isiyokuwa na kosa la kutibu. Zote nne zikawaka nyekundu kwenye ncha, vizuri, kama sigara nne gizani. Zilikuwa nzima. Kuzipima kunachukua dakika kumi na hakuhitaji shule.

Kinyozi akikukata sikio hakutozi hela ya kunyoa. Fundi akikisia vibaya, nalipa mimi. Akikisia tena, nalipa tena, na kisio la kwanza haliombi hata radhi. Nililipa betri, hita, machujio mawili, na kupimwa nozeli ambazo zilionekana hazina neno, na hilo "hazina neno" nalo lina bei. Hela ile ilikuwa ya ada ya muhula wa pili. Mwanangu alikwenda shule na barua yangu ya kuomba nisubiriwe, ikasomwa mbele ya darasa, na tangu siku hiyo haniombi lifti. Na kila nilipolirudisha gari gerejini kulalamika, liliwaka kwa mguso mmoja, mafundi wakatazamana wakacheka. "Gari zima hili, mzee. Labda wewe ndiye hujui kuliwasha." Niliamini. Nilianza kufanya mazoezi ya kuwasha.

Jumapili jioni jirani yangu, ambaye ni mwashi, alinikuta nimeinamia injini. Hakuniuliza gari lina nini.

"Jirani," akasema, "hili gari usiku hulala limeangalia wapi?"

Nikamwonyesha. Kiwanja changu kina mwinuko, nyumba juu, geti chini. Unaingia unapanda, unaliacha pua juu.

"Na gerejini?"

Nikafikiri. Gerejini unateremka kutoka barabarani. Pua chini, tangi juu.

"Na kuna mahali liliwahi kukaa bila kukusumbua?"

Kyela! Nilikaa Kyela siku tatu mwezi wa tano, likawaka kila asubuhi kama saa, nikasema ni joto la kule ziwani, na fundi wa hita akapata ushahidi wake. Kyela ni joto, kweli. Kyela pia ni tambarare kama meza.

Kwa Wanyakyusa salamu yenyewe ni swali: ugonile, umelala? Nimesalimiwa hivyo maelfu ya mara. Baba mkwe alinisalimia hivyo getini Jumamosi, kwa wingi wa heshima, mugonile, nikaitika kwa furaha na kuegesha gari pua juu. Katika mafundi wanne hakuna aliyelisalimia gari. Ilibidi aje mtu ambaye kazi yake ni kujua maji yatasimama wapi.

Alikwenda kwake akarudi na mpira wa levo, ule mweupe unaoonyesha ndani, ambao waashi huujaza maji kupima usawa wa msingi. Akakata kipande bila huruma. Tukakiunganisha kati ya chujio na pampu, nikapampu kwa mkono mpaka mafuta yakaja, nikawasha, naye akamulika simu. Mafuta yalipita safi, rangi ya chai ya rangi. Kisha povu moja, dogo kama punje ya mtama. Likafuatwa na jingine. Kisha msafara, siafu weupe wamepanga mstari kuelekea kwenye pampu, na kila kundi lilipoingia, injini ikakohoa. Tulichuchumaa pale kama watoto waliogundua shimo la kumbikumbi. Sijawahi kufurahi hivyo kuona ugonjwa.

Kosa lilikuwa kwenye mpira mweusi wa urefu wa kiganja, kabla ya chujio, umechanika chini ya klampu. Nikakumbuka fundi wa tatu aliuona umelowa siku moja gerejini, pua chini, akaufuta kwa kitambaa na kusema ni jasho. Mpira mpya na klampu mbili: shilingi 3,000. Mwashi alikataa hela, akadai mpira wake wa levo ulipwe mzima, siyo kipande.

Mengine ya wiki hii ni madogo. Jumamosi ile ile, Uyole, niliogopa kuzima gari nikaomba mafuta injini ikinguruma, nikafokewa na mhudumu mbele ya foleni. Jumatatu kitasa cha mlango wa kushoto kilibaki mkononi mwa shemeji. Waipa bado imesimama wima.

Jana mpwa wangu ameleta orodha ya mahari kutoka Tukuyu, imeandikwa vizuri kwa mashine: ng'ombe watano, blanketi la bibi, na kadhalika, kama tulivyokubaliana. Chini kabisa kuna mistari miwili iliyoongezwa kwa kalamu ya buluu. Wa kwanza unasema: suti ya baba, kijivu, 1. Wa pili: gari la mshenga libaki barabarani.