Anacheza Timu Gani?

Hapa Kikula, mjini Likasi, kijana wa filamu anakujazia kwenye flashi chochote: mapenzi ya Kihindi, wachawi wa Nigeria, karate ya Hong Kong, na juu yake mahubiri ya bure, ya kufutia dhambi za hizo tatu. Vitabu ni vichache: Biblia, hesabu, na kile cha siri za utajiri, kinachouzwa na mtu aliyeazima meza.

Ukiomba filamu ya hapa hapa Likasi, unapewa The Siege of Jadotville ya 2016: askari wa Ireland wamezingirwa kwetu mwaka 1961, mji ukiitwa bado Jadotville, ila vichaka vyote ni vya Afrika Kusini. Ndiko ilikopigwa.

Basi taja Mudimbe, mzaliwa wa mji huu, 1941, mwandishi wa riwaya, mashairi na falsafa.

“Huyo anacheza timu gani, papa?”