Rimu Yaenda Saluni

Voi ni mji wa matairi. Barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi inaukata, na hapo hapo inachepuka ile ya Mwatate na Taveta inayofika mpaka wa Tanzania, kwa hiyo malori hayakatiki usiku wala mchana. Reli ya SGR ilianza kazi mwaka 2017, lakini mafundi wa panchari hawakufunga vibanda. Bado wapo kando ya lami na karai la maji meusi, mtaimbo, kopo la solusheni, na rundo la matairi yaliyokwisha ambayo siku moja yatakatwa yawe akala.

Katika mji kama huo, mwanamume kushindwa kutoa tairi ni jambo la kuficha. Tena ikiwa mwanamume mwenyewe ni dereva mstaafu wa trela, mkazi wa Mwakingali, aliyebadilisha matairi gizani kati ya Mtito Andei na Malaba huku fisi wakimsikiliza. Na tairi lililomshinda lilikuwa dogo kama mandazi.

Lilikuwa tairi la gari la rimoti. Mzee alilikuta Kongowea, Mombasa, kwenye rundo la vitu vya watoto vya mtumba, akalitambua kabla muuzaji hajafungua mdomo: Toyota Celica ya mbio za magari, imepunguzwa mara kumi, ina mota, betri na antena. Wakenya wa rika lake hawaisahau Celica. Mwaka 1994 Ian Duncan, Mkenya, alishinda Safari Rally akiwa ndani yake. Mashindano hayo yalianza 1953, na wanaoyajua kwa kuyaona Naivasha tangu yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 hawajui vumbi ambalo wazee wanalisimulia. Mzee alimwambia mkewe kwamba gari ni la mjukuu. Mkewe aliangalia jinsi alivyolipakata, akanyamaza.

Mjukuu aliliendesha kidogo, babu akaliendesha sana. Udongo wa Voi ni ule ule unaowapaka ndovu wa Tsavo rangi nyekundu, na haubagui. Haikuchukua muda matairi yakawa vipara. Rimu, ambazo zilitoka kiwandani nyeupe na kugeuzwa manjano na jua la huko zilikotoka, zikaongezewa wekundu juu ya umanjano. Mpwa wake aliyeko Dubai akamtumia matairi mapya manne. Kazi iliyobaki ilikuwa kutoa ya zamani, na mzee akakunja mikono ya shati kama mtu anayekwenda kumaliza jambo kabla ya chai.

Chai ilipoa. Bisibisi ilishindwa, mpini wa kijiko ukapinda, na hatimaye gurudumu likatiwa mfukoni na kupelekwa kwa wenye kazi.

"Shikamoo mzee. Leo trela imekwama wapi?"

"Marahaba. Nitolee hili."

Kijana wa panchari akaligeuzageuza akitafuta valvu. Hakuna. Basi akafanya analofanya kila fundi wa panchari anapokosa la kufanya: akalizamisha kwenye karai. Mapovu yakapanda, membamba, mfululizo, kutoka upande wa ndani wa rimu. Uso wa kijana ukachangamka.

"Hii hapa panchari, mzee. Tena mbili."

Akapangusa, akakwaruza kwa msasa, akapaka solusheni, akabandika viraka viwili alivyovikata kwa uangalifu mkubwa, akatoza bei ya baiskeli. Mapovu yakakoma.

Hakusema uongo, matundu yalikuwapo. Ila yalitobolewa kiwandani kwa makusudi. Tairi la gari la rimoti halijazwi upepo. Ndani yake kuna sponji, na rimu huachiwa vitundu vya kupumulia ili tairi likibonyea hewa ipate pa kutokea. Ukilizamisha majini, hewa inatoka na maji yanaingia; ukiziba vitundu baada ya hapo, maji yanakaa humo humo. Celica ikarudi Mwakingali na gurudumu moja zito kuliko mengine, na ilipotimuliwa uani ikatetemeka mwili mzima.

Kilicholishika tairi ni gundi. Gari dogo likiongezwa kasi, gurudumu huzunguka kwa nguvu hadi tairi likataka kutanuka na kuchomoka, na kwa kuwa hakuna upepo wa kulibana, wenye mchezo huo hulibandika kwenye rimu pande zote mbili kwa supagluu. Gundi hiyo ilizoea kuharibia watu vitu tangu utoto wake. Mwaka 1942 Harry Coover, mkemia wa kampuni ya Eastman Kodak ya Marekani, alikuwa akitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Alichokipata kilinata kwenye kila kilichokigusa, akakiweka kando. Mwaka 1951 mwenzake, Fred Joyner, akakitia kati ya vioo viwili vya kifaa cha maabara, kifaa cha bei kubwa, na vioo vikakataa kuachana. Hapo ndipo Coover alipotambua kwamba ile kero ndiyo bidhaa yenyewe. Mwaka 1958 ikaingia sokoni.

Mzee hakuwa na habari za Coover, lakini sasa walikuwa kwenye foleni moja. Alijaribu kisu, kisu kikamega ukingo wa rimu. Akanunua supagluu ya dukani kubandika kipande kilichomegeka, ikamiminika kupita kiasi, akaifuta haraka kwa fulana kuukuu ya pamba. Fulana ikaanza kutoa moshi mkononi mwake.

"Baba, unaunguza nini huko?"

"Hakuna kitu."

"Na huo moshi?"

"Ni fulana."

Mama wa nyumba hakupata kuelezwa fulana inaunguaje pasipo moto. Jibu lipo: supagluu huganda ikipata unyevu, na nyuzi za pamba huiharakisha mno. Ikiganda kwa kasi hiyo hutoa joto la kutosha kufuka moshi na kumchoma mtu ngozi. Kitambaa cha pamba na gundi hiyo havikai meza moja.

Mjukuu wa kike, ambaye kucha zake hubadilika rangi kila wikendi, akaleta chupa ya asetoni. Hapa mzee alikaribia ushindi, kwa sababu asetoni huyeyusha supagluu kweli. Gurudumu la kwanza lililoloweshwa lilianza kuachia bila rimu kudhurika. La pili, lililoonekana pacha wake, likalainika ubavu. Mzee alipoliinua, kidole gumba kikazama na kuacha alama safi ambayo afisa wa usajili wa watu angeifurahia.

Gari la mtumba, kumbe, lilikuwa limeshavishwa rimu za koo mbili. Mbili zilikuwa za nailoni, na nailoni haiogopi asetoni. Mbili zilikuwa za ABS, plastiki ile ngumu ya maganda ya redio na kompyuta, ambayo asetoni huila. Kuzitenganisha kwa macho ni vigumu. Njia ya salama ni tone moja la asetoni upande wa ndani, pasipoonekana, kisha kugusa kwa kijiti: pakinata, ni ABS, na chupa ifungwe. Kipimo hicho huchukua dakika moja, na kina faida zaidi kikifanywa kabla ya kulowesha.

Suluhisho lilitoka jikoni. Mama wa nyumba alikuwa ameyavumilia yote hayo akisubiri aulizwe, na alipoona haulizwi akasema neno moja.

"Chemsha."

Alizaliwa Wundanyi, juu milimani, na huko watu wanajua moto. Wundanyi iko zaidi ya mita 1300 kutoka usawa wa bahari, ambako maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi, na ndiyo maana maharagwe ya huko hutaka subira. Voi iko chini ya mita 600, kwa hiyo sufuria ya Voi hufika karibu nyuzi 98. Supagluu ya kawaida huanza kulegea nguvu joto likipita nyuzi 80 hivi. ABS nayo hulainika ikizidi 100 kidogo. Pengo ni dogo, lakini linatosha, mradi rimu isikae kwenye kitako cha sufuria penye moto mkali. Mama alitanguliza kisahani chini, akafungua madirisha, maana gundi ikipashwa moto hutoa mvuke unaowasha macho, akaacha maji yatokote.

Viraka vya panchari vilikuwa vya kwanza kubanduka, vikawa vinazungukazunguka kwenye povu. Baada ya robo saa hivi mama akatoa gurudumu kwa mwiko, akalishika kwa kitambaa kinene, akapenyeza bisibisi bapa kwenye ukingo wa tairi. Utando mweupe wa gundi ukapasuka kwa sauti ndogo kavu, ukaachia kidogo kidogo kwenye mzingo. Kila tairi lilipoanza kugoma alilirudisha majini badala ya kulilazimisha. Mzee alikuwa ameinama karibu mno. Sponji lililobanwa likatema maji ya moto kupitia kitundu chake cha kupumulia, na dereva wa miaka yote hiyo akaruka hatua ambayo mjukuu anaiigiza mpaka leo.

Zikabaki rimu uchi, na rangi zake za aibu. Mzee alitaka kuonyesha kwamba hata yeye ana mawazo, akazilowesha kwenye dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Wekundu ukazidi kukomaa. Udongo wa Voi ni mwekundu kwa sababu ya kutu ya chuma iliyomo, na klorini haitoi kutu, huikaza. Kinachoitoa ni asidi. Mama akakamua ndimu, akazilaza rimu humo usiku kucha, asubuhi wekundu ukasuguliwa kwa mswaki wa zamani ukaondoka. Umanjano ukabaki pale pale, kwani huo si uchafu. Ni plastiki yenyewe iliyozeeka kwa miali ya jua na hewa.

Dawa ya uzee huo iligunduliwa na watu wanaofufua kompyuta za zamani, ikavuma kuanzia mwaka 2008: haidrojeni peroksaidi pamoja na jua. Madukani Voi hakuna chupa iliyoandikwa "ya rimu". Lakini kila saluni inayobadilisha nywele rangi inayo, imechanganywa kwenye krimu nzito wanayoiita divelopa, na ile kali huwa na peroksaidi asilimia 12. Mzee akaingia saluni moja ya mjini katikati ya mchana. Wanawake waliokuwa wakisukwa wakanyamaza.

"Karibu Babu. Ni nywele au ndevu?"

Akatoa rimu zote nne mfukoni, akaziweka juu ya taulo.

Msusi alizitazama kwa macho ya kazi. Akavaa glavu, kwa kuwa krimu hiyo huchoma ngozi, akazipaka kwa brashi ya rangi kila pembe, akazifunga kwa nailoni angavu isikauke, maana ikikauka huacha mabaka. Kisha akazitoa nje juani, akawa anazigeuza kila alipopata nafasi kati ya kichwa na kichwa. Voi iko nyuzi tatu na kitu tu kusini mwa ikweta. Jua lile lile lililolaumiwa kwa kuzeesha plastiki likafanya kazi ya kuirudisha ujana. Jioni rimu za ABS zilikuwa nyeupe, na alama ya kidole gumba ikaonekana vizuri kuliko awali.

"Zitarudi kuwa manjano?" mzee akauliza.

"Babu, hata nywele mizizi hurudi. Utakuja tena."

Zile za nailoni zilibadilika kidogo tu. Hizo mama alizitia kwenye sufuria ya dadake, msusi wa vikapu vya mkonge, palipokuwa pamebaki rangi nyeusi ya kuchemsha, kwa sababu nailoni hunywa rangi vizuri ikiwa kwenye maji ya moto. Kubandika matairi mapya kulikuwa kazi ndogo: rimu zikafutwa kwa spiriti, matone machache yakapitishwa kwenye ukingo, mipira ya kufungia noti ikalibana kila tairi hadi gundi ishike. Fulana za pamba zilihamishwa chumba kingine. Celica sasa ni nyeupe mbele na nyeusi nyuma, na mzee anadai ndivyo alivyotaka.

Kwenye saluni ile, chini ya bei za kusuka, kuosha na kupaka rangi, msusi ameongeza mstari kwa kalamu ya wino mzito: "Rimu." Juzi jirani mmoja wa mzee alimtuma mtoto na ganda la redio lililogeuka manjano, limejaa vumbi jekundu. Msusi akalirudisha mlangoni bila kuacha kichwa alichokuwa akikisuka.

"Mwambie baba alipitishe kwa ndimu kwanza. Sisi hapa hatuoshi udongo."