Samaki Asiyetosha Kitoweo

Nyumbani kwetu Kisauni, samaki huulizwa maswali mawili tu: bei gani, na atapikwa vipi. Ndiyo maana mume wangu alipoingia na ndoo yenye samaki mmoja wa manjano, mfupi kuliko kidole cha shahada, mama mkwe aliinama, akamtazama, akamtazama na mwanawe.

"Mwanangu, huyu unamkaanga au unamwombea dua?"

Ni gobi wa matumbawe, Gobiodon citrinus kwa jina la kitaalamu. Mjerumani Eduard Rüppell ndiye aliyemweleza kwanza kitabuni, mwaka 1838, lakini kabla ya hapo alikuwa akijiishia zake tangu Bahari ya Shamu, pwani yetu hii, hadi visiwa vya Pasifiki. Hafikishi sentimita 7. Hana magamba, amejipaka ute mchungu wenye sumu, na samaki mkubwa akimtia mdomoni hujuta. Kuogelea si kazi anayoipenda. Mapezi yake ya tumboni yameungana yakawa kikombe, basi huling'ang'ania tawi na kukaa pale akiwaangalia wapita njia kama mzee wa barazani.

Tabu ilikuwa maji. Yalichotwa baharini, yakasafiri kwa matatu. Makanga alidai kila dumu lilipe nauli, kwa hoja kwamba limekaa kitini. Kwenye tuta la kwanza kifuniko kimoja kikafyatuka, na mama mmoja aliyejifukiza udi kwa ajili ya harusi akashuka akinukia mwani. Maneno aliyotuachia siyaandiki.

Kisha joto la Mombasa likaanza kuyanywa maji ya tangi. Kila yalipopungua, mume wangu aliongeza mengine ya bahari. Gobi akapoteza hamu ya kula. Mama mkwe, mzaliwa wa Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, alichovya kidole, akaonja, akatema.

"Maji huenda na jua, chumvi hubaki. Kwetu watu wanalipwa mshahara kwa jambo hilo. Tia maji matamu!"

Alisema kweli. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na mvuke hauondoki na hata chembe. Pengo la mvuke huzibwa kwa maji yasiyo na chumvi, tena yasiyo na klorini ya mfereji.

Siku hiyohiyo akauliza kama huyo ni dume au jike. Mume wangu, kwa furaha ya mtu aliyesoma jana usiku, akaeleza kwamba gobi wa jamii hii hubadilika kulingana na mwenzi anayemkuta: jike huweza kuwa dume, na dume akarudi kuwa jike. Mama mkwe akavuta mtandio. "Astaghfirullah. Na mmemweka sebuleni, wageni wakaingia?"

Chakula nacho kilikuwa na mkasa wake. Duvi wa gobi waliwekwa kwenye friza bila maelezo. Jioni tukawakuta mezani, wamepikwa kwa nazi, watamu ajabu. Sisi tulishiba, mwenye chakula alilala njaa.

Kwa hayo yote sioni kosa la samaki. Mpole, hahitaji tangi kubwa, hula vipande vidogo vya kamba bila kiburi. Ila mwenye matumbawe hai ya matawi asimchukue kabla ya kufikiri: gobi huyadonoa, na akitaka kutaga huichuna nyama ya tawi ili mayai yapate pa kushika. Letu ni tawi la plastiki, analikalia kutwa na halalamiki. Stima zikipotea ndipo pa kuhofia, kwa kuwa pampu ikinyamaza hewa ya majini hupungua. Weka pampu ya betri karibu.

Ukiniuliza kama anafaa kufugwa, nitakwambia anafaa sana. Andika tu kwenye mfuko wa duvi, kwa herufi kubwa, kwamba wana mwenyewe.