Kamera Ndani ya Pipa la Mchele

Jumatano jioni, siku tatu kabla ya safari ya Iringa, kamera haikuwepo kabatini. Nilipekua droo zote, nikamuuliza binti yangu, nikamuuliza kitinda mimba, nikainua hata magodoro. Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani anachambua mbaazi. Aliniangalia nikihangaika, kisha akasema kwa utulivu kabisa, "Unatafuta ile mashine ya picha, mwanangu? Nimeihifadhi kwenye mchele."

Nikakimbilia jikoni. Nikafunua pipa, nikazamisha mkono hadi kiwikoni, nikaitoa. Haikuwa na mfuko wala kitambaa. Ilikuwa nyeupe kwa vumbi la mchele, kama kitu kilichookotwa chini ya mashine ya kusaga. Nikaiwasha. Lenzi ikatoka nusu, ikakwaruza, ikasimama. Nikaizima, nikaiwasha tena. Mara ya tatu haikutoka kabisa.

Nikampandishia sauti mama wa mume wangu. Katika miaka 14 ya ndoa sikuwa nimewahi kufanya hivyo, na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma. Naye hakujibu. Aliinamia ungo wake akaendelea na mbaazi, na nikaona kwamba mikono ilikuwa inamtetemeka kuliko kawaida.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kamera ile tuliinunua kwa ajili yake.

Mama anaishi nasi Tabata tangu alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho la kulia limetengenezwa, la kushoto bado, na vya mbali vinamfikia kama vimefunikwa kwa chandarua. Kila mwaka huenda Iringa kumwona wifi yangu. Barabara hiyo inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na ndani ya basi hicho ndicho kipande ambacho hata aliyelala huamshwa. Siku moja alituambia wakati wa chakula, bila kulalamika: "Pale Mikumi watu wote husimama madirishani, twiga, twiga! Mimi naona majani tu. Nami nasema, ndiyo, nimemwona."

Sikulala vizuri usiku ule. Mgao wangu wa kikoba ulikuwa umekaribia, shilingi 400,000, nami nikaamua kwamba safari ya mwaka huu tutakwenda sote kwa Noah ya shemeji, tutaingia hifadhini kabisa, na tutakuwa na kitu cha kumvutia mnyama hadi mbele ya jicho lake.

Baba watoto alisema simu inatosha. Tukaijaribu. Tulisimama getini tukapiga picha bango la saluni lililo mwisho wa mtaa, tukavuta mpaka mwisho. Herufi zikawa mabaka. Ni kwa sababu simu kama yetu haivuti chochote: inakata kipande cha katikati cha picha na kukitanua. Simu zenye lenzi ya pekee ya kuvuta mbali zilikuwa zinauzwa zaidi ya milioni moja, na hiyo ni ada ya shule.

Basi nikaenda Kariakoo peke yangu, nikiwa na haraka, na nikakosea. Kwenye duka moja niliona kamera mpya kwenye boksi linalong'aa: megapikseli 48, zumu mara 16, shilingi 180,000. Muuzaji aliiwasha, picha kwenye kioo kidogo ikapendeza, nikalipa. Nyumbani tukarudi kwa bango letu la saluni. Chenga tupu. Binti yangu ndiye aliyegundua: "Mama, mbona lenzi yake haitoki nje?" Kweli. Zumu ya haki ni ya lenzi: vioo vya ndani husogea, ndiyo maana bomba la lenzi hurefuka ukivuta. Ile lenzi ilikuwa imeganda mahali pamoja, na mara 16 zote zilikuwa za kukata na kutanua, sawa na simu. Hata megapikseli 48 zilikuwa za kujazia. Nilipoirudisha nilionyeshwa maandishi chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Mnaojipanga kununua, naomba sana msikilize hili: kabla ya kusoma namba iliyo kwenye boksi, iwasheni kamera mvute, muitazame lenzi yenyewe kwa macho.

Nilibakiwa na 220,000. Safari hii nilikaa mwezi mzima nikiuliza na kusoma. Kamera ndogo za wasafiri zenye zumu kubwa nyingi zina kihisi mwanga cha milimita 6 kwa 4.6 hivi, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Ndiyo siri ya kuingiza lenzi ndefu kwenye mfuko wa suruali, na ndiyo sababu jioni zinachoka mapema. Ziko zenye kihisi kikubwa zaidi, kama Panasonic Lumix TZ100 ya mwaka 2016, lakini lenzi yake inavuta mara 10 tu. Canon SX740 HS ya mwaka 2018 inavuta mara 40. Niliipenda, bei ikanishinda, na tena haina kitundu cha kuchungulia. Na kitundu ndicho nilichokitaka kuliko vyote. Juani, saa sita mchana, kioo cha nyuma hugeuka giza hata kwa macho mazima, sembuse ya mama.

Jirani mmoja aliyesoma Uingereza alikuwa anauza Lumix TZ70 yake, ya mwaka 2015, pamoja na betri mbili, kwa 320,000. Inavuta mara 30 kwa lenzi, na kitundu inacho. Ina megapikseli 12 tu, wakati TZ60 iliyoitangulia ilikuwa na 18, na baba watoto akaona tunauziwa kitu kilichorudi nyuma. Nikamweleza kwamba kihisi ni kilekile kwa ukubwa, hivyo pikseli zikipungua, kila moja inapata nafasi zaidi ya kukusanya mwanga. Hakuridhika mpaka bango la saluni liliposomeka, na chini yake namba ya simu ya mwenye saluni.

Hatukuilipia siku hiyo. Kamera ya mtumba tuliikagua kama watu wanaokagua mbuzi wa kuposea. Tuliivuta na kuirudisha mara ishirini tukisikiliza kama inakwaruza. Tulipiga picha ukuta mweupe, kisha mbingu, tukatafuta madoa, kwa sababu vumbi la ndani hujionyesha hapo. Tukaimulika lenzi kwa tochi kutafuta kuvu. Tukafungua mlango wa betri kuangalia kutu, maana chumvi ya hewa ya Dar haisamehe chuma. Ilikuwa safi. Baba watoto akaongeza 60,000. Zilizobaki 40,000, mama mkwe akafungua pindo la kanga yake akazihesabu mwenyewe mkekani, noti za elfu mbili mbili, nyingine zimekunjwa mpaka zimekuwa laini kama kitambaa.

Na huyo ndiye niliyempigia kelele.

Usiku wa Jumatano baba watoto alimsikiliza mama yake, akaja kunieleza. Mvua zilikuwa zimenyesha mfululizo, viatu vyangu vya ngozi vimeota kuvu kabatini, na mama alikuwa amesikia kwamba simu ikilowa hutiwa kwenye mchele. Akaona ile kamera aliyoichangia itaoza kabla hajamwona huyo twiga. Nikaenda kukaa mkekani pembeni yake. "Nisamehe, mama." Akasema, "Tumekwisha sameheana. Kesho mpelekee fundi."

Fundi wa Kariakoo alitandika taulo jeupe, akaipuliza kamera kwa kipulizio cha mpira, akafungua skrubu ndogo kama mbegu za mchicha. Alinieleza kwamba lenzi ya aina hii ni mabomba yanayoingiana, na kila inapotoka na kurudi huvuta hewa kama pampu ya baiskeli. Ukiiwasha ikiwa na vumbi, unainywesha. Kisha akaingiza kibanio, akakitoa taratibu, akaniwekea kiganjani: chenga moja ya mchele, nusu punje, imebanwa ikawa bapa. Akasafisha, akafunga, akaiwasha. Lenzi ikatoka yote. Shilingi 25,000, na ushauri: kamera ikae kwenye chombo chenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu.

Mama aliposikia hayo akauliza, "Kwa hiyo mchele haufai kitu?" Nikakumbuka jambo nililolisoma katika ule mwezi wangu wa kuuliza. Nikamwambia unafaa, lakini nje ya kamera. Siku ya Ijumaa akakata kipande cha shuka nzito, akashona mfuko kwa mkono, mshono juu ya mshono, akautia kilo moja ya mchele na kuuziba. Mfuko kama huo ukiwekwa juu ya dirisha la gari unashika umbo la kamera na kuituliza, kwa kuwa ukivuta mara 30, mtetemo mdogo wa mkono nao unavutwa hivyohivyo.

Jumamosi tuliondoka alfajiri, na baada ya karibu kilomita 300 tukaingia lango la Mikumi. Kwenye bwawa la viboko watoto walipiga picha zao. Mama alitulia. Tukasonga taratibu kwenye uwanda wa Mkata mpaka shemeji akazima gari, akanyoosha kidole. Mbali sana, kando ya mgunga, twiga mmoja.

Nikaweka mfuko wa mchele dirishani, kamera juu yake, nikavuta mpaka mwisho. Mama akasogeza jicho lake la kulia kwenye kitundu. "Ukungu," akasema. Pembeni ya kitundu pana kigurudumu kidogo cha kurekebishia jicho la mtazamaji. Nikakizungusha taratibu, nikimuuliza kila hatua, kama walivyomuuliza kwenye kliniki ya macho. Ukungu. Bado. Bado kidogo. Halafu akanishika mkono nisiendelee.

Alinyamaza muda mrefu. Gari zima tulikuwa tumeshikilia pumzi.

"Ana kope," akasema. "Jamani, twiga ana kope ndefu hivi!"

Hakuiachia kamera mpaka betri ya kwanza ilipokwisha, akanyoosha mkono bila kugeuka, akidai ya pili.