Jinsi ya Kulitambua Deni Lililobadili Jina

Utahitaji kalamu, risiti ya kituo cha mafuta na ukaidi wa mtoto anayeuliza "kwa nini" mpaka wakubwa wakose la kusema. Shahada ya uchumi si lazima. Ukiweza kumdai konda chenji yako, ujuzi unao tayari.

Anza na ukomo wa deni, kwa sababu ndio unaofanya deni litafute jina jipya. Hapa Kenya ukomo huo umekuwa ukihama. Oktoba 2019 Bunge liliacha kipimo cha asilimia 50 ya Pato la Taifa, likaweka kiasi kamili: shilingi trilioni 9. Juni 2022 kikapandishwa hadi trilioni 10. Mwaka mmoja baadaye deni lilikuwa limeshapita hapo, na kabla 2023 haijaisha sheria ikabadilishwa tena, tukarudi kwenye asilimia: mara hii 55 ya Pato la Taifa, deni likihesabiwa kwa thamani yake ya sasa, na serikali ikapewa miaka ya kushuka polepole mpaka ilifikie lengo hilo. Andika tarehe hizo kwenye karatasi, zifuatane. Utaona kwamba kila deni lilipoukaribia ukomo, ukomo ndio uliosogezwa.

Kusogeza ukomo kuna gharama yake, maana lazima kupitia Bunge na wananchi wanasikia. Ndiyo maana inafaa ujue njia ya pili, ya kutafuta pesa ambazo hazitaitwa mkopo. Fungua Katiba, kifungu cha 214. Deni la umma linaelezwa humo kuwa ni wajibu wa kifedha unaotokana na mikopo ambayo serikali ya kitaifa imechukua au kudhamini, pamoja na hatifungani na dhamana nyingine ilizotoa au kudhamini. Soma tena polepole. Mapato ya kesho yakiuzwa kwa kampuni maalumu, nayo kampuni hiyo ikakusanya pesa kwa wawekezaji leo bila dhamana ya serikali, mwanasheria anaweza kusimama na kusema hapo hakuna mkopo. Kwa maandishi anaweza kushinda. Wewe mlipaji shika swali lako: nani atalipa, kutoka mfuko upi, na mpaka lini?

Sasa toa ile risiti. Kila tarehe 14 ya mwezi mamlaka ya kawi, EPRA, hutangaza bei za mafuta, na ndani ya bei ya lita moja ya petroli au dizeli mna ushuru wa matengenezo ya barabara wa shilingi 25. Ulikuwa 18 mpaka ulipopandishwa Julai 2024. Kati ya hizo 25, shilingi 7 zimetengwa kuwalipa waliotoa takriban bilioni 175 za kulipia madeni ya wakandarasi wa barabara. Mwendesha boda boda akitia lita tatu asubuhi, shilingi 21 zinakwenda huko kabla hajabeba abiria wa kwanza. Mwenye gari akitia lita 20, ni shilingi 140. Hakuna aliyewaomba saini, na hawawezi kukwepa, kwa sababu ushuru umo ndani ya bei.

Nawatetea wakandarasi hao kwa moyo wote. Mtu amekodi greda, amenunua lami kwa mkopo wa benki, amemaliza kilomita zake, kisha anazungushwa miaka huku riba ikipanda na dalali akipiga hodi. Kulipwa ni haki yake. Tena bili isiyolipwa nayo ni mkopo, wa kikatili kuliko yote, kwa kuwa aliyekopesha hakuulizwa. Kwa hiyo kwenye karatasi yako, andika bili za wakandarasi na wauzaji upande uleule unakoandika hatifungani. Ninachokataa ni kulipa deni moja kwa deni jingine kisha kuwaambia watu kwamba deni limeisha.

Nenda sasa kwenye uwanja wa Talanta jijini Nairobi, unaojengwa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Hatifungani yake ya takriban bilioni 44.8 iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi Julai 2025. Wenye pesa waliahidiwa faida ya asilimia 15.04 kwa mwaka, tena bila kodi. Piga hesabu mwenyewe: ni karibu bilioni 6.7 kwa kila mwaka ambao mtaji wote haujarudishwa. Uliza mfuko unaolipa na utaupata: Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Huo ni mfuko wa umma.

Zoezi gumu zaidi ni la Safaricom. Desemba 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuiuzia Vodacom asilimia 15 ya kampuni hiyo, kwa shilingi 34 kila hisa. Hayo ni mauzo, tuyaite mauzo. Lakini pembeni yake palikuwa na bilioni 40.2 za kulipwa mapema, badala ya gawio la miaka ijayo kwenye hisa ambazo serikali ingebaki nazo. Pesa leo, malipo kesho. Weka tiki.

Linganisha na Februari 2024, serikali ilipokopa dola bilioni 1.5 nje kwa riba ya asilimia 9.75 ili kupunguza mkopo wa 2014 uliokuwa na riba ya 6.875. Ulikuwa mkopo ghali mno. Hata hivyo uliitwa mkopo, ukaingia daftarini, na kila mtu akaukosoa akiwa na tarakimu mkononi. Ilikuwa hivyo pia kwa M-Akiba ya 2017, hatifungani iliyouzwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000 kwa riba ya asilimia 10 bila kodi. Mama mboga aliweza kuikopesha serikali yake akijua anaikopesha. Kwangu, hiyo ndiyo njia isiyo ya kawaida inayostahili kurudishwa na kuboreshwa.

Hatua ya mwisho haihitaji hata risiti. Kifungu cha 211 cha Katiba kinasema Bunge la Taifa au Seneti ikipitisha azimio, Waziri wa Fedha ana siku saba kuileta mbele ya kamati taarifa ya mkopo wowote au dhamana yoyote: kiasi kinachodaiwa pamoja na riba, pesa zilivyotumika, na mpango wa kulipa. Mwandikie mbunge wako barua ya ukurasa mmoja. Mtake aombe taarifa hiyo kuhusu shilingi 7 za mafuta na kuhusu uwanja wa Talanta. Akikujibu kwamba hiyo si mikopo, mwandikie tena umtake alete muswada wa kuihesabu ndani ya ukomo, na umwambie utaupigia kura mwaka 2027 mwenendo wake katika jambo hilo.