Sifa za Tope la Nzoia

Mahindi ya Trans Nzoia yakishavunwa, na miwa ya Bungoma ikishalipiwa (kama italipiwa), wenye nafasi huanza kupanga safari ya Desemba. Baba hutaja Malindi, mama hutaja Watamu, watoto hutaka Diani kwa kuwa wameiona kwenye simu. Kutoka Kitale hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800 za barabara, na Malindi bado iko mbele. Wakati wote huo wa kupanga na kubishana, hakuna anayemkumbuka mwenyeji wa Kitale aliyekwenda ufukweni tangu Aprili, akafika salama, akapata mahali pa kukaa, na hakudaiwa nauli hata senti moja. Mwenyeji huyo ni tope, na nimekusudia kulisifu. Najua lina jina baya. Kwa ajili yake mwenye bodaboda huongeza nauli, mwalimu hufika shuleni na gambuti mkononi, na mbunge hukumbushwa ahadi zake za lami. Hata hivyo nina dai moja nitakaloling'ang'ania: mji wa ufukweni ulio kimya, ule ambao kila familia iliyochoka huutamani, hulindwa na tope, na tope likiondoka, ukimya nao huondoka.

Tuanze na safari yenyewe, maana ni ya kistaarabu kuliko safari zetu. Mto Nzoia hukusanya maji ya Mlima Elgon na ya milima ya Cherang'ani, ukapita katikati ya mashamba ya mahindi, ukaporomoka Nabuyole karibu na Webuye, ukaendelea hadi Mumias, kisha ukatelemka Budalang'i na kuingia Ziwa Victoria karibu na mji wa Port Victoria. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 250. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko mita 1,134 hivi, kwa hiyo msafiri huyu hushuka kwa nguvu zake mwenyewe bila kuhitaji dereva wala petroli. Wakati wake wa kuondoka ni Machi na Aprili, trekta zikishapita, udongo ukiwa uchi, mahindi hayajaota, na mvua ikipiga. Hapo hulichukua shamba la ekari mia na kishamba cha nusu ekari bila kuuliza hatimiliki. Njiani Mto Kuywa huleta mchango wa Bungoma, ili Wabukusu wasije wakasema wamesahauliwa. Wala tope halina tamaa ya kufika Jinja, seuze Misri. Sehemu yake kubwa hutua pale mto unapolegea, karibu na mdomo wake, ikawa ardhi. Basi familia ya Kitale ikisimama kwenye ufuo wa Marenga, Port Victoria, haiwezi kusema iko ugenini. Imesimama juu ya shamba lake.

Sasa ushahidi wa dai langu. Port Victoria ni mji mdogo wa Abanyala, wa mitumbwi, omena iliyoanikwa, mbuta na ngege, na mchana wake huenda polepole. Maji yake ufukweni ni ya kahawia karibu mwaka mzima. Hakuna kampuni ya utalii inayochapisha picha ya maji ya kahawia, na kwa sababu hiyo hakuna foleni ya mabasi ya watalii, hakuna muziki wa kwenye ufuo unaotikisa vioo hadi alfajiri, wala anayekufuata hatua kwa hatua akikuuzia shanga. Atakayesema kwamba rangi ya maji na utulivu wa mji vimekutana kwa bahati tu, na aende pwani yenyewe akaone. Mto Sabaki, ambao huanza kama Athi kwenye nyanda za juu na kupita Ukambani, huingia Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi ukiwa mwekundu kwa udongo wa Machakos na Makueni. Miezi ya mvua ghuba ya Malindi hubadilika rangi, na kwa miaka mingi udongo huo umekuwa ukisogeza ufuo wa mji mbele kuelekea baharini. Tazama basi hoteli zimekwenda wapi. Zimejipanga kusini mwa mji, kuelekea Silversands na Casuarina na hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, kisha zikajazana Watamu ambako maji ni ya kioo. Ng'ambo ya mdomo wa Sabaki, upande wa kaskazini, uko mji wa kale wa Mambrui, wenye kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za Kichina. Huko hoteli ni chache zaidi, na mdomo wa mto wenyewe umebaki mali ya ndege wahamiaji na wavuvi. Ni pwani moja, bahari moja, jua moja. Kinachotofautisha ni tope. Ukitaka kujua Mambrui imepataje usingizi wake mzuri, usiulize wizara ya utalii. Waulize wakulima wa Ukambani.

Kuna mwenye kubisha mwerevu atakayesema Port Victoria ni kimya kwa sababu nyingine kabisa, yaani reli iliukimbia. Hilo ni kweli, na ni kisa kinachostahili kukumbukwa. Wapimaji wa Reli ya Uganda mwanzoni waliilenga Port Victoria iwe mwisho wa njia, kisha mpango ukabadilishwa, na mwaka 1901 reli ikafika Port Florence, ambayo leo ni Kisumu. Port Victoria ikabaki na jina la malkia bila hata behewa moja. Lakini reli huleta makarani, mizigo na maghala. Haileti watu wa kujilaza mchangani. Kisumu ilipata reli, bandari na jiji zima, na bado hakuna familia inayotoka Bungoma kwenda kuogelea Kisumu. Huenda kula samaki na kupiga picha. Ghuba yake nayo ina tope la kutosha. Ama anayebisha kwamba ziwa si bahari na kwa hiyo mfano wangu haufai, simjibu kwa maneno mengi: maji yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000, yaliyogawanywa na nchi tatu, yanatosha kumfanya mtoto wa Kitale anyamaze kwa muda.

Tope lina faida nyingine kwa familia, nayo haijaandikwa katika kitabu chochote cha malezi. Maji meupe humdanganya mzazi. Huona chini, huona miguu ya mtoto, akalala chini ya mwavuli. Maji ya kahawia hayamruhusu. Hajui kama kilicho mbele ni gogo au mamba, na katika Nzoia ya chini na mdomo wake mamba si hadithi, wala kiboko. Hajui kichocho kiko upande gani. Kwa hiyo hukaa macho, huwakusanya watoto, huwahesabu na kuwahesabu tena, na mwisho wa siku familia iliyokuja kila mtu na simu yake imekaa pamoja kwenye nchi kavu kwa saa sita mfululizo. Ni hoteli gani ya nyota tano inayoweza kuahidi hivyo? Nguo huchafuka, sikatai. Lakini watu wa Kitale wamekuwa wakifua udongo mwekundu kwa sabuni ya mche tangu wazaliwe. Hawatashindwa na udongo ule ule kwa sababu tu umesafiri.

Pingamizi zito ni la mafuriko, na hilo haliondoki kwa mzaha. Watu wa Budalang'i wamehama mara nyingi kuliko wanavyopenda kukumbuka. Mwaka 2020, ziwa lilipopanda hadi kuvuka kiwango cha 1964, nyumba, mashamba na shule ziliingiliwa na maji. Kabla ya hapo mto ulikuwa umevunja kingo zake mara kadhaa, na mahema yakageuka makazi. Tope lina mkono katika hayo: hutua ndani ya mto baina ya kingo, likainua kitanda chake mwaka baada ya mwaka, hadi mto ukawa unapita juu kuliko mashamba yaliyo pembeni. Mtetezi wa tope anapaswa kusema nini mbele ya mtu aliyelala hemani? Nadhani aseme hivi: tope halikujipeleka. Halikukata msitu wa Cherang'ani, halikulima hadi ukingoni mwa mto pale ambapo sheria inakataza, halikupitisha jembe la trekta kutoka juu kwenda chini kwa sababu ndiyo njia ya haraka. Na kila mvua inapokuja, viongozi huja na mablanketi na unga, wakapigwa picha, wakaahidi kingo mpya, wakaondoka kabla maji hayajashuka. Katika orodha hiyo ndefu ya wahusika, tope ndilo pekee lililofika Budalang'i kukaa.

Wapo pia watakaolilaumu kwa wizi wa mbolea. Mkulima wa Kitale hupanga foleni ya mbolea ya ruzuku mbele ya ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao, huinunua kwa pesa za kukopa, huitia shambani, na mvua moja kubwa humchukulia sehemu yake hadi ziwani. Huko kuna gugumaji, mgeni wa Amerika Kusini aliyeonekana upande wa Kenya karibu na mwaka 1990, ambaye hustawi kwa chakula hicho kuliko mahindi yenyewe. Kwa macho ya uchumi hii ni hasara. Kwa macho ya ukarimu, sijui mpango mwingine wa kilimo nchini ambao mbolea yake humfikia mlengwa bila dalali, bila kuponi na bila ujumbe wa simu. Kama walengwa wangekuwa Wakenya badala ya gugumaji, mpango huo ungetunukiwa medali.

Maadui wa kweli wa tope ni wale wenye busara. Ukambani walibuni matuta yanayoitwa fanya juu: unachimba mfereji kukata mteremko, unatupa udongo upande wa juu, unapanda nyasi za lishe, na udongo unabaki shambani. Matuta hayo yalienea Machakos hivi kwamba watafiti wa nchi za nje walikuja kujifunza. Ushauri huo huo unatolewa Trans Nzoia na Bungoma: acheni ukanda wa miti kando ya mto, limeni kukata mteremko, funikeni udongo kwa mabua badala ya kuyachoma. Wakulima wakiusikiliza, mavuno yatapanda, kingo za Budalang'i zitapumua, na maji ya Marenga yataanza kuonyesha miguu ya mtoto. Kisha atafika mtu kutoka Nairobi mwenye kamera inayoruka, ataweka picha mtandaoni, na bei ya kiwanja itapanda kabla ya Pasaka. Kwa hiyo wapenda utulivu wa Port Victoria wana sababu ya kuwaombea wakulima wa Kitale waendelee kulima ovyo, ingawa wavuvi wa huko hawatasema amina. Na siku hoteli ya kwanza yenye bwawa la kuogelea itakapofunguliwa Marenga, waalikwa wa heshima kwenye sherehe wawe wale walioanza kuchimba matuta Cherang'ani, wakalipie vyumba vyao wenyewe.