Barua ya wazi kwa Wakala wa Vipimo: njooni mpige muhuri wokovu wetu

Mtendaji Mkuu,
Wakala wa Vipimo.

YAH: MAOMBI YA KUHAKIKIWA WOKOVU WA MWALO WA NKOME

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndugu Mtendaji Mkuu, sisi wa Nkome, huku Geita kando ya Ziwa Victoria, ni watu wa Mungu na hatujifichi. Mitumbwi yetu imeandikwa sifa za Bwana ubavuni, spika za mikutano ya injili huwafikia hata walioko majini, na biashara ya dagaa haianzi kabla ya "Bwana asifiwe". Ukishaitikia "Amina", ndipo unapunjwa.

Naandika kuhusu ndoo. Ndoo ya plastiki ya lita 20 ikitoka dukani ina kitako bapa. Ikifika mwaloni hupashwa moto, kitako kikabonyezwa kiingie ndani, na tangu hapo, kwa neema tu, inajaa mapema. Hiyo ndiyo hutumika mpendwa anapomuuzia mchuuzi. Anaponunua kwa mvuvi huletwa nyingine, iliyotanuka, nayo haihesabiwi kuwa imejaa mpaka dagaa wamwagike mchangani. Ndoo zote mbili ni mali ya mzee mmoja wa kanisa, na zote huombewa asubuhi.

Halafu kuna hesabu za mwisho wa giza. Mbalamwezi ikitoka, taa za dagaa hazina kazi, wavuvi wanakaa nchi kavu na tajiri wa mtumbwi anafungua daftari. Yanatoka mafuta, chakula, matengenezo ya nyavu, na siku hizi sadaka ya shukrani, inayokatwa kwenye fungu la wote na kutangazwa kanisani kwa jina la tajiri peke yake. Vibarua hupiga makofi.

Sheria yenu ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mizani ya biashara ihakikiwe na kupigwa muhuri. Yetu ni ya zamani zaidi. Walawi 19 inataja mizani, Mithali 11 inaanza na mizani, na Amosi 8 inawasema wafanyabiashara waliokuwa wakisubiri Sabato iishe wakapunguze kipimo. Malaki 3, ya fungu la kumi, tunaijua hata usingizini. Hiyo ya Amosi bado naisubiri mimbarani.

Mjini Geita, kwenye soko la dhahabu lililofunguliwa Machi 2019, mzani husoma hadi sehemu ndogo ya gramu, na mchimbaji huinama akautazama kwa macho yake. Hakuna anayemwambia aamini tu. Kwetu ukiomba ndoo igeuzwe uone kitako, unaulizwa kama umeokoka.

Sisemi wote. Yupo mama mmoja, muuza ugali na dagaa, hajawahi kushika maikrofoni. Humkopesha kibarua mgeni sahani bila kumuuliza dhehebu, na ndoo yake hushinda imefudikizwa, kitako juu, kila apitaye akione. Vijana kadhaa wa mitumbwini wamemfuata kanisani bila kualikwa. Kamati ya uinjilisti imeshindwa kuelewa wametokea wapi, ikaomba bajeti ya spika kubwa zaidi.

Kwa hiyo naomba mje na muhuri wenu. Mwenye ndoo itakayofaulu aruhusiwe kusema "Bwana asifiwe" mwaka mzima. Itakayokwama, mwenyewe aseme "habari za asubuhi" kama watu wengine, mpaka ukaguzi mwingine. Na yule mwenye ndoo mbili asalimie kwa kupunga mkono.

Ila msije Jumapili, siku hiyo sote tunafaulu. Njooni Jumatatu alfajiri, mitumbwi ya dagaa ikiingia, na msitangulize taarifa kanisani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mchuuzi wa dagaa,
Nkome, Geita.